Kuwaandikia waajiri wa nje moja kwa moja bila wakala: naanzia wapi, niandike nini?

Awamu3

Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi umeme wa viwandani: matengenezo ya mota, paneli za kudhibiti, inveta na PLC (vidhibiti vya mashine vinavyoandikiwa programu). Nina stashahada ya miaka mitatu na uzoefu wa miaka sita baada ya chuo. Nataka kuomba kazi Ujerumani, Uingereza au Kanada kwa kuwaandikia waajiri wenyewe, si kupitia wakala.

Naomba kujua mambo haya. Nitamjuaje mwajiri anayeweza kweli kumleta mtu kutoka nje? Baruapepe ya kwanza iwe na nini, na niambatishe nini? Habari ya viza niiseme mapema au nisubiri aniulize? Na ofa ikija, nihakikishe vipi kwamba si ya matapeli?

---

Karani_wa_Ajira

Mkuu, karibu. Kabla ya kuandika hata baruapepe moja, tafuta jibu la swali hili: mwajiri akikupenda, sheria ya nchi yake inamruhusu kukuleta kwa kazi hii hii? Maombi mengi yanakwama hapo, mwombaji akidhani CV yake ndiyo mbovu.

Anza na msimbo wa kazi yako. Kila nchi ina namba za kazi, na viza hutolewa kwa kufuata namba hizo, si cheo ulichopewa na kampuni. Katika mpangilio wa ISCO-08 wa Shirika la Kazi Duniani, fundi wa mitambo ya umeme yuko 7412, na fundi wa umeme wa majengo yuko 7411. Kanada, orodha yao ya kazi huitwa NOC, na fundi umeme wa viwandani ni NOC 72201. Ujerumani fani iliyo karibu nawe ni Elektroniker für Betriebstechnik. Soma orodha ya majukumu chini ya kila namba, kisha uandike CV kwa majukumu uliyoyafanya kweli kati ya hayo. Ukijiita "technician" tu, afisa wa huko hajui akuweke wapi.

Kwa hali yako, ningeanza na Ujerumani. Fundi umeme aliyeajiriwa kiwandani hayumo kwenye fani zinazodai leseni ya serikali, na una njia mbili. Ya kwanza ni kutambuliwa kwa stashahada, yaani Ujerumani ithibitishe kwamba inalingana na ya kwao. Fani za viwanda hushughulikiwa na IHK FOSA, ofisi ya chemba za biashara na viwanda iliyoko Nürnberg. Fani za karakana na majengo huenda chemba za mafundi, Handwerkskammer. Chagua fani kwanza ndipo ujue pa kupeleka karatasi, maana ukikosea mlango unapoteza muda mwingi. Njia ya pili ilifunguliwa Machi 2024: mwenye cheti kinachotambuliwa na serikali ya nchi alikosomea, mafunzo yasiyopungua miaka miwili, na uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, anaweza kuajiriwa bila kusubiri kutambuliwa Ujerumani. Sharti zito ni mshahara. Kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 43,470 kwa mwaka kabla ya makato, na hubadilishwa kila Januari. Kwa hiyo kampuni inayolipa chini ya hapo haiwezi kukuchukua kwa njia hii hata ikitaka, isipokuwa kama mishahara yake inafuata makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi. Uliza mapema kama wana makubaliano hayo.

Uingereza, mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini. Serikali huweka orodha ya wote wenye leseni kwenye gov.uk, ni faili la kupakua. Lichuje kwa mji na kwa njia ya viza, ubaki na wale wa Skilled Worker (viza ya wafanyakazi wenye ujuzi) wenye daraja A. Ila fahamu mambo mawili. Kuwemo kwenye orodha hakumaanishi kampuni ina nafasi leo. Na tangu tarehe 22 Julai 2025, kazi nyingi mpya zinadai ngazi ya shahada. Za chini ya hapo zinapita tu kama zimo kwenye orodha maalumu za uhaba, na orodha hizo ni za muda. Hakiki msimbo wako siku unayoanza kuandika, si kwa habari za mwaka jana.

Kanada, mara nyingi mwajiri anahitaji kibali kiitwacho LMIA kinachoonyesha kwamba hakupata mtu wa ndani. Kila robo mwaka serikali huchapisha majina ya waajiri waliokubaliwa, pamoja na namba ya kazi na anwani. Pakua faili hilo, tafuta 72201, na hapo una kampuni ambazo zimeshawahi kupitia mchakato huo kwa fundi kama wewe. Hizo ziandikie kwanza. Kwenye Job Bank, tovuti ya ajira ya serikali, kuna kichujio cha matangazo yaliyo wazi kwa walio nje ya Kanada. Angalizo moja: leseni za ufundi umeme hutolewa na kila jimbo, na baadhi ya majimbo hayaruhusu mtu kugusa kazi hiyo bila leseni au kusajiliwa kama mwanagenzi. Soma kanuni za jimbo husika kabla hujatuma.

---

Mlinganyo

Naongezea upande wa baruapepe na CV.

Usiandikie info@ kama kuna njia nyingine. Tangazo la Kijerumani kwa kawaida humtaja mtu wa kuwasiliana naye chini kabisa. Mwandikie huyo kwa jina lake la ukoo. Kama hakuna tangazo na unaomba kwa hiari yako, mtafute mkuu wa matengenezo wa kiwanda kwenye LinkedIn au ukurasa wa kampuni, kisha nakala iende kwa ofisi ya rasilimali watu. Mkuu wa matengenezo ndiye anayeumia mashine zikisimama, kwa hiyo atasoma barua ya fundi kwa makini zaidi.

Baruapepe yenyewe isizidi maneno 150 hadi 180. Mfano wa umbo lake huu hapa. Wewe utaandika kwa lugha ya mwajiri:

*Kichwa: Fundi umeme wa viwandani, miaka 6, S7-1200 na inveta – kumb. 4471*

*Bwana (jina la ukoo),*

*Naomba nafasi ya fundi umeme wa matengenezo mliyoitangaza kwenye tovuti yenu, kumbukumbu 4471. Kwa sasa ninahudumia mistari mitatu ya ufungashaji yenye mota hadi kW 75, inveta, na vidhibiti vya Siemens S7-1200, vile vile vilivyotajwa katika tangazo lenu. Kazi yangu kubwa ni kutafuta hitilafu mstari unaposimama, na matengenezo ya kinga kwa ratiba.*

*Nina stashahada ya miaka mitatu. Maombi ya kutambuliwa kwake yako IHK FOSA tangu Februari. Kijerumani changu ni B1 (ngazi ya kati), cheti kimeambatishwa.*

*Ninahitaji viza ya kazi. Kwa upande wenu unahitajika mkataba na fomu ya tamko la ajira, na naweza kuwatumia fomu hiyo. Naweza kuanza miezi minne hivi baada ya kusaini.*

*Je, tunaweza kuzungumza kwa video dakika 20 wiki ijayo? Nina nafasi kila siku kuanzia 09:00 kwa saa zenu.*

Mistari hiyo inajibu yale anayojiuliza msomaji: unaweza kazi yangu, karatasi zako ziko hatua gani, utanisumbua kiasi gani, utafika lini. Sentensi kama "mimi ni mchapakazi na ninajituma" haimwambii lolote, itoe. Saa andika kwa mtindo wa saa 24 na utaje ni saa za kwao. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Kanada hubadilisha kwa tarehe nyingine, na hapo watu hukosa usaili kwa tofauti ya saa moja.

Barua ya kiufundi bila namba haina uzito. Taja volti, kilowati, aina ya kidhibiti, idadi ya mashine, programu uliyotumia. Usiseme "nina ujuzi wa PLC". Sema umesoma programu ya ngazi (ladder) kwenye TIA Portal ya Siemens, umebadilisha moduli ya pembejeo, umepima insulesheni ya mota kwa kipimo cha volti 500 au 1,000. Kama umezoea kufuata viwango vya kimataifa vya umeme vya IEC, andika. Ujerumani wanafuata DIN VDE na Uingereza BS 7671, vyote viko kwenye familia hiyo. Kanada wana kanuni zao na umeme wa hezi 60, kwa hiyo usijidai unavijua kama hujavisoma. Mkuu wa matengenezo atakugundua kwa swali la kwanza.

CV iwe kurasa mbili, kazi ya karibuni ikitangulia. Uingereza na Kanada usiweke picha, umri, dini wala hali ya ndoa. Ujerumani picha bado ni kawaida ingawa si lazima, na wanatazama sana mapengo: ukiwa na miezi mitatu bila kazi wala masomo, andika ulikuwa unafanya nini. Epuka safu mbili, majedwali na maandishi yaliyo ndani ya picha, kwa sababu kampuni kubwa hupitisha CV kwenye mfumo wa kompyuta kabla mtu hajaisoma. Jaribio rahisi: fungua PDF, chagua maandishi yote, yabandike kwenye faili tupu. Yakivurugika hapo, na huko yatavurugika.

Ujerumani hutaka barua, CV na vyeti kwa pamoja. Unganisha vyote kwenye PDF moja isiyozidi MB 5, skani za dpi 150 hadi 200 zinatosha. Uingereza na Kanada, barua na CV tu. Vyeti hadi waombe. Popote pale, usitume nakala ya pasipoti wala taarifa za benki kwenye barua ya kwanza.

---

Awamu3

Asanteni sana wakuu, nimepata mwanga. Nina maswali mengine. Mshahara ninaotaka niutaje? Na vyeti vyangu vina majina mawili ilhali pasipoti ina matatu, italeta shida?

---

Karani_wa_Ajira

Mshahara usiutaje kwenye barua ya kwanza, isipokuwa tangazo limeuliza. Likiuliza, Ujerumani na Uingereza andika kiasi cha mwaka kabla ya makato. Kanada kazi za ufundi hutajwa kwa saa. Usishushe bei ukidhani itakusaidia. Kama nilivyosema hapo juu, viza ina kiwango chake cha chini. Ukiomba pungufu yake, umemwonyesha mwajiri kwamba hujasoma masharti, na ombi lenyewe halitapita.

Majina ndiyo yanayochelewesha watu kuliko wanavyotarajia. Tumia jina lililo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule, kwenye CV, baruapepe, LinkedIn na cheti cha lugha. Kwa vyeti vya shule na chuo, pata hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja, na itafsiriwe pamoja na vyeti. Fanya sasa, kabla ya usaili. Tofauti hii ikionekana ubalozini, mwajiri ameshakupangia tarehe ya kuanza.

Jambo la tatu hujaliuliza ila ni kubwa: barua za kuthibitisha uzoefu. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, itaje tarehe ya kuanza na kuacha, saa za kazi kwa wiki, cheo, majukumu, kisha saini na simu ya aliyesaini. Kanada wanataka na mshahara uandikwe. Barua inayosema tu "alikuwa mfanyakazi mwema" haihesabiki kama uthibitisho wa uzoefu, na kuipata nyingine kwa mwajiri uliyemwacha miaka minne iliyopita ni kazi ngumu. Iombe ukiwa bado una mawasiliano naye.

---

Dirisha_la_Viza

Nijibu la matapeli, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotea.

Anza na anwani. Linganisha kilicho baada ya @ na tovuti ya kampuni, herufi moja moja. Matapeli hupenda kuongeza "careers" au "-uk" kwenye jina la kampuni halisi, au kubadili l kuwa 1. Kwenye ICANN Lookup utaona anwani hiyo ya tovuti ilisajiliwa lini. Kampuni inayodai ina miaka 40 huku tovuti yake ina wiki tatu, achana nayo. Kisha tafuta kampuni kwenye sajili rasmi. Companies House ya Uingereza ni bure, na handelsregister.de ya Ujerumani ni bure tangu Agosti 2022. Lakini sajili inathibitisha kampuni ipo, haithibitishi kwamba aliyekuandikia ni wao. Kwa hiyo malizia kwa kupiga simu: chukua namba kwenye tovuti rasmi, si iliyo kwenye barua ya ofa, ulizia ofisi ya rasilimali watu, na uwatajie jina la aliyekuandikia.

Ofa inayokuja bila kukusaili kwa sauti na video ni ya uongo. Hakuna kiwanda kinachompa mtu asiyemwona funguo za paneli ya volti 400.

Kuhusu pesa, jua nani hulipa nini. Kanada, ada ya LMIA ni dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, inalipwa na mwajiri, na haruhusiwi kukudai wewe. Uingereza, ada ya leseni ya kudhamini na ile tozo ya ujuzi ya uhamiaji ni za mwajiri. Cheti cha udhamini si karatasi yenye mihuri ya dhahabu. Ni rekodi ndani ya mfumo yenye namba, na ombi la viza lifanywe ndani ya miezi mitatu tangu upewe. Mkataba namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani nao, kifungu cha 7, unakataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ingawa unabana nchi zilizouridhia tu na unaruhusu nchi kuyaacha nje makundi fulani.

Zipo gharama zilizo zako kihalali, kwa hiyo usishtuke kila unapoona neno ada: pasipoti, mtihani wa lugha, tafsiri, kutambuliwa kwa cheti, viza. Uingereza kuna na malipo ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Alama ya kuangalia ni anayepokea. Hizi hulipwa kwa taasisi yenyewe na risiti inatoka kwa jina lako. Mtu akisema "nitumie mimi, nitakulipia, utarudishiwa kwenye mshahara wa kwanza", funga mazungumzo.

Na mkataba ukifika, soma makato ya nyumba, saa za zamu, kipindi cha majaribio, na hasa kifungu cha kurudisha gharama ukiacha kazi. Kikiwa hakina kiasi wala muda wa mwisho, omba viandikwe kabla ya kusaini.

---

Mlinganyo

Nakubaliana na yote. Ila kuna watu hushauri kutuma barua kwa mamia, na hao natofautiana nao kidogo. Kampuni nane hadi kumi kwa wiki, kila moja umesoma inazalisha nini na inatumia mashine gani, zinatosha kabisa. Barua moja iliyotumwa kwa wengi huishia kwenye kapu la taka la mfumo, na kibaya zaidi, kampuni dada husambaziana. Jina lako linaanza kujulikana vibaya.

Weka jedwali: kampuni, aliyeandikiwa, tarehe, njia ya viza, jibu. Baada ya siku 10 za kazi bila jibu, jibu juu ya baruapepe yako ile ile kwa mistari mitatu. Wiki mbili baadaye unaweza kupiga simu mara moja, kama lugha yako inakuruhusu. Baada ya hapo iache kampuni hiyo kwa miezi sita. Agosti na wiki mbili za mwisho za Desemba ofisi nyingi za Ulaya ziko likizo, kwa hiyo kimya cha wakati huo usikihesabu.

---

Awamu3

Nimeelewa. La mwisho: Kijerumani changu bado A2. Nianze kuandika kwa Kiingereza sasa, au nisubiri?

---

Karani_wa_Ajira

Ujerumani, kwa kazi ya matengenezo, subiri ufike B1. Njia ya uzoefu, ile ya pili niliyoitaja, haikudai kiwango cha lugha kisheria, lakini utatakiwa kuelewa maagizo ya usalama na kuandika ripoti ya zamu, na mkuu wa matengenezo hawezi kukuruhusu uzime na kufunga mtambo wenye umeme kama hana hakika mmeelewana. Usiandike barua ya Kijerumani kizuri kwa mashine ya kutafsiri ukiwa A2. Watakupigia simu kwa Kijerumani hicho hicho.

Miezi hiyo ya kusoma lugha itumie kwa yasiyohitaji jibu la mwajiri: hati ya kiapo ya majina, barua za uzoefu, tafsiri za vyeti, na faili la IHK FOSA, maana hilo linakwenda hata kama huna mwajiri bado. Kanada unaweza kuanza kuandika kwa Kiingereza wiki hii, ukianza na zile kampuni za 72201 kwenye orodha ya LMIA, baada ya kusoma kanuni za leseni za jimbo.

Na ukifikia B1, kwenye barua zako za Ujerumani ongeza sentensi moja: kwamba mwajiri anaweza kuomba utaratibu wa haraka kwa wafanyakazi wenye ujuzi katika ofisi ya wageni ya mji wake, kwa kutumia hati ya uwakilishi utakayompa. Ada ni euro 411, na ubalozi unatakiwa kukupangia miadi ndani ya wiki tatu baada ya idhini kufika. Kampuni nyingi ndogo hazijui kwamba utaratibu huo upo.